Kiti cha Karibu na Soketi

(Hotuba niliyoitoa kwa wauguzi, wasaidizi wa wagonjwa na wakalimani wanaozungumza Kiswahili, Des Moines, Iowa. Nimeiandika kutoka kwenye karatasi zangu, utani mwingi nimeuacha ukumbini.)

Ndugu zangu, hamjambo. Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na kwa mliotoka zamu ya usiku mkaja moja kwa moja bila kulala, poleni sana. Mkisinzia sitamwamsha mtu. Wakongo na Warundi mtanivumilia kwa Kiswahili changu cha Tanga kama nami ninavyowavumilia kwa chenu.

Nimeombwa nizungumze juu ya msongo wa mawazo na kiwewe kwa wanawake wahamiaji kutoka Amerika ya Kilatini, na jinsi mambo hayo yanavyoingia mwilini. Mwenzetu mmoja amenishika mkono hapo mlangoni akaniuliza, "Dada, sisi wenyewe tuna yetu, leo tunakaa kuzungumzia Wameksiko?" Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba sisi ndio tunaowapima. Angalieni zamu zenu za wiki hii. Nani anawapandisha kwenye mizani? Nani anawafunga kitambaa cha presha, anawatoboa kidole, anawaandikia majina? Mara nyingi daktari anamwona mama yule dakika 10, nasi tumeshakaa naye 20. Ya kwetu nitayagusa pale yatakapoingia yenyewe.

Nianze na mama mmoja. Nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike.

Alikuja kliniki mwezi wa kwanza, barafu imejaa nje. Mama wa Honduras, miaka 41. Karatasi yake ilikuwa na maneno matatu: kichwa, mgongo, usingizi. Nikamwita, akaingia, nikamwonyesha kiti. Hakukaa. Alikuwa anatazama kuta, chini chini, kama mtu aliyeangusha pete. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama kuna "enchufe". Soketi. Nikadhani ni simu. Akapandisha upindo wa suruali, nikaona kifundoni mwake kidude cheusi cha plastiki kimefungwa kwa mkanda, taa yake inawaka na kuzima. Idara ya uhamiaji ilimfunga kidude hicho wakati anasubiri kesi yake. Chaji ikipungua kinatetemeka na kulia, kikizima anaweza kuhesabiwa ametoroka. Wanawake wenyewe wanakiita "grillete", yaani pingu ya mguu.

Basi tukasogeza kiti mpaka ukutani. Akachomeka waya, akakaa, mguu ameunyoosha. Ndipo nikamfunga kitambaa cha presha. Mashine ilipoanza kujaza hewa na kitambaa kikaanza kubana, aliuvuta mkono wote kwa nguvu, waya wa mashine ukatoka. Papo hapo akaomba msamaha, akacheka. Kicheko hicho mnakijua, kile cha mtu anayeogopa kuwa amekuudhi. Tulipojaribu tena ilisoma 178 kwa 104.

Nikaandika: presha ya kupanda, maumivu ya kichwa. Sikuandika uongo. Lakini daktari akisoma faili lile hajui kama pale palikuwa na soketi.

Sasa tuingie ndani ya mwili kidogo, nitakwenda haraka kwa sababu wengi mmeyasoma. Mwili umeumbwa kukutana na chui. Ubongo ukiona hatari, tezi mbili zilizokaa juu ya figo kama kofia zinamwaga homoni ya adrenalini, halafu ya kotisoli. Moyo unakwenda mbio, mishipa inabana, ini linaachia sukari kwenye damu ili miguu ipate cha kukimbilia. Chakula tumboni kinasubiri. Chui akiondoka, kila kitu kinarudi mahali pake. Walter Cannon wa Harvard alilieleza jambo hili zaidi ya miaka 100 iliyopita, na kwa chui wa kawaida halina kasoro.

Shida ni chui asiyeondoka. Gari la polisi liko nyuma yako nawe huna leseni. Barua ya mahakama haijafika, au imefika na huwezi kuisoma. Mtoto uliyemwacha kwa bibi yake Tegucigalpa, Honduras, ana homa, na hela ya mwezi huu umeshaituma. Hapo kotisoli haishuki inavyopaswa kushuka. Sukari iliyoachiwa kwenye damu haina mbio za kuitumia. Mishipa iliyobana inazoea kubana. Mafuta yanajikusanya tumboni, usingizi unakatika saa nane za usiku, na kinga ya mwili, ambayo ingepigana na vijidudu, inabaki inawakawaka bila adui. Mwaka 1993 Bruce McEwen wa Chuo Kikuu cha Rockefeller kule New York, pamoja na Eliot Stellar, waliupa uchakavu huo jina la kitaalamu, mzigo wa alostasi. Mimi nitawapa jina la gereji. Waliopanda Lushoto kutoka Mombo wanalijua lori lililojaa linalopanda kwa gia namba moja. Leo linafika, na kesho linafika. Siku fundi akifungua injini, hakuna anayeuliza kwa nini pistoni zimelika.

Msinielewe vibaya. Sisemi woga peke yake ndio unaompa mtu kisukari. Kuna chakula, kuna damu ya ukoo, kuna kazi ya kukaa na kazi ya kusimama. Tena tukisema "Walatino" tunawatia watu wengi kwenye gunia moja. Ule utafiti mkubwa uliofanyika Bronx, Chicago, Miami na San Diego kuanzia 2008, wenye watu zaidi ya 16,000, ulikuta kisukari kwa takriban asilimia 10 ya watu wenye asili ya Amerika ya Kusini na zaidi ya asilimia 18 ya wenye asili ya Meksiko. Kwenye fomu zetu wote hao wanatiwa alama kwenye kisanduku kimoja.

Lakini kuna jambo moja ambalo mimi, kila nikilifikiria, nashindwa kulipita. Tena limetokea hapa hapa kwetu Iowa.

Wangapi mmefika Postville? Mikono michache. Ni mji mdogo, kaskazini mashariki, saa tatu na kitu kwa gari kutoka hapa, watu wake wapata elfu mbili na ushee. Palikuwa na kiwanda kikubwa cha nyama ya kosher, iliyochinjwa kwa kanuni za Kiyahudi, na waliokuwa wakikata kuku na ng'ombe ndani yake wengi wao walikuwa watu wa Guatemala na Meksiko. Jumatatu, Mei 12, 2008, saa nne asubuhi, maofisa wa uhamiaji wakakizunguka kiwanda, helikopta juu. Wakakamata watu 389. Wanaume wakapelekwa Waterloo, kwenye viwanja vya maonyesho ya ng'ombe. Ndiyo, vya ng'ombe, sisemi kwa mafumbo. Mahakama iliwekwa humo humo. Mmoja wa wakalimani walioitwa, profesa Erik Camayd-Freixas kutoka Florida, aliyoyaona yalimshinda kunyamaza, akayaandika hadharani: watu wamefungwa minyororo, wanashtakiwa kwa mafungu, wengi wao Wamaya, wenyeji wa asili wa Guatemala, ambao hata Kihispania chao ni cha kuokoteza, na wengine hawakujua ile namba ya hifadhi ya jamii waliyoshtakiwa kuitumia ni kitu gani. Wengi walifungwa miezi mitano, kisha wakarudishwa makwao.

Wanawake kadhaa waliachiwa kwa sababu ya watoto. Wakafungwa kidude kile kile mguuni. Kwa hiyo hawaruhusiwi kufanya kazi, na kuondoka hawaruhusiwi. Wakawa wanaishi kwa msaada wa kanisa la Mtakatifu Bridget, ambako familia zilikimbilia siku ile na kulala kwenye mabenchi. Hayo ni ya Postville.

Sasa sikilizeni. Miaka kadhaa baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, akiwemo Arline Geronimus, walichukua kumbukumbu za vizazi za Iowa nzima, na nasisitiza Iowa nzima. Wakalinganisha watoto waliozaliwa katika wiki 37 baada ya msako na waliozaliwa katika wiki hizo hizo mwaka uliotangulia. Kwa akina mama wa Kilatino, hatari ya kuzaa mtoto wa chini ya kilo mbili na nusu ilipanda kwa asilimia 24. Kwa akina mama wazungu haikupanda. Tena ilipanda kwa wahamiaji na kwa waliozaliwa Marekani vilevile, wenye pasipoti, ambao hakuna ofisa angewagusa.

Hebu mfikirie mama mmoja wa Sioux City, upande wa pili kabisa wa jimbo. Hana ndugu Postville, na kile kiwanda hajawahi kukiona. Ana mimba ya miezi minne na karatasi zake zote ziko kwenye droo. Anaona helikopta kwenye televisheni, anasikia jirani yake amefunga mapazia, anaacha kwenda dukani jioni. Miezi mitano baadaye sisi tunamweka mtoto wake kwenye mizani na tunaandika gramu. Mizani imepima kitu kilichotokea mbali na mwili wake, kikaingia mwilini kupitia masikioni na machoni.

Wala si Iowa peke yake. Baada ya uchaguzi wa Novemba 2016, ule uliompa Trump urais, watafiti wengine walihesabu watoto njiti nchi nzima, wakakuta kwa akina mama wa Kilatino, katika miezi tisa iliyofuata, zaidi ya watoto 2,000 walizaliwa kabla ya siku kuliko ilivyotarajiwa kwa mwenendo wa miaka iliyopita. Na mwanzoni mwa 2025, mnakumbuka, serikali ilifuta ule mwongozo uliokuwa unawabana maofisa wa uhamiaji wasikamate watu hospitalini, shuleni na makanisani. Wiki ile kwetu simu za kuahirisha miadi zililia mpaka dada wa mapokezi akaacha kuuliza sababu.

Sasa turudi nyuma, safarini. Sitakaa sana hapa. Sehemu hii nikiieleza kwa kirefu huwa naona watu wanasikiliza kama sinema, na mimi sikuja kuonyesha sinema. Nitawapa kitu kimoja tu. Wanawake wengi wa Honduras, El Salvador na Guatemala, kabla ya kuanza safari ya kupita Meksiko, huchoma sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Wameipa jina: sindano ya kujikinga na Meksiko. Maana yake mwanamke ameshapiga hesabu kwamba huenda atabakwa njiani, akaona kubakwa hawezi kukuzuia, basi azuie mimba. Amefanya hesabu hiyo akiwa bado jikoni kwake. Wewe unakutana naye miaka sita baadaye, unamuuliza kwa sauti ya kusoma fomu, "Umewahi kutumia njia ya uzazi wa mpango?" Anakujibu, "Sindano, mara moja." Unaweka alama ya vema.

Halafu akifika mpakani kuna vyumba vya kushikiliwa vyenye baridi kali, wao wanaviita "hielera", sanduku la barafu. Yule mama wangu wa soketi alipitia humo. Ndiko alikofungwa mikono kwa ile mikanda ya plastiki inayobana ukiivuta. Aliniambia mwezi wa tatu tangu tujuane, nami nikajua kwa nini aliuvuta mkono.

Akishaingia anapata kazi gani? Anasafisha vyumba vya hoteli, analea watoto wa watu, anakata nyama, anachuma nyanya. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa hoteli 50, ukakuta kati ya wafanyakazi wa hoteli waliolinganishwa, wasafisha vyumba ndio wanaoumia zaidi, na miongoni mwao wanawake wa Kilatino wanaumia kupita wenzao. Magodoro yamekuwa mazito, mito imeongezeka, dakika za kumaliza chumba ni zile zile. Wenzangu mnaofanya kazi ya kuwageuza wazee kitandani, nyie migongo yenu inajua bila utafiti.

Nao wana neno: "aguantar". Vumilia. Mama alimwambia binti yake, bibi alimwambia mama. Nilipolisikia mara ya kwanza nilicheka peke yangu, maana nilikumbuka somo wangu usiku wa kuamkia harusi, amenishika masikio yote mawili, ananiambia mwanamke ni kuvumilia. Sisi tunasema mvumilivu hula mbivu. Mimi katika kazi hii nimewaona wavumilivu wengi, na siwezi kuwaambia kila mmoja wao alikula mbivu. Nimewaona wanafika sukari imepanda mpaka 400, wanasema walidhani ni uchovu.

Sasa niingie mahali ambapo nadhani sisi Waswahili tunaweza kufanya kazi kuliko wenzetu, na ambapo pia tumekuwa tukijifanya wazungu.

Mgonjwa anakwambia ana "nervios", yaani neva zinamsumbua. Au anakwambia amepata "susto". Wauguzi wengi wanaandika "wasiwasi" wakapita, na wengine wanatabasamu. Susto ni hivi: umeshtuka vibaya, mbwa amekurukia, umeona ajali, maji yamekuchukua, na ule mshtuko umeitoa roho yako mwilini, haijarudi. Tangu siku hiyo hulali, huli, mwili umelegea. Dawa yake ni mama mmoja anayejua, akupitishie yai mwili mzima, akupige taratibu kwa matawi ya mrehani na majani mengine yenye harufu, aite roho yako irudi. Sasa nani hapa atacheka? Mimi bibi yangu alinizungushia chumvi na pilipili kichwani mara saba kisha akazitupa motoni, na pilipili zisipowasha pua za watu anasema, "Umeona? Kijicho kilikuwa kikubwa." Wao kijicho wanakiita "mal de ojo", jicho baya. Tungekaa na bibi zao tungemaliza usiku kucha tunaelewana.

Tena susto si kitu cha kupuuza hospitalini. Watafiti waliokwenda vijijini Oaxaca, Meksiko, walikuta wanaosema wana susto walikuwa wagonjwa kuliko majirani zao wasio nayo, na waliporudi baada ya miaka saba waliofariki walikuwa wengi zaidi katika wale wa susto. Na Florida, mapema miaka ya 1990, Roberta Baer na mwenzake waliwahoji wafanyakazi wa mashambani waliopatwa na sumu ya dawa za kupulizia mimea, wakakuta susto na dalili za sumu zinakwenda pamoja. Kwa hiyo mtu akikwambia roho imemtoka, pima presha, pima sukari, muulize anafanya kazi gani na wanapulizia nini. Anakupa historia ya ugonjwa kwa lugha yake, nawe umesomea kuipokea.

Na ile inayoitwa "ataque de nervios", shambulio la neva, muijue kwa sura, hasa mlio chumba cha dharura. Mara nyingi huja baada ya habari mbaya: mtu anapiga kelele, anatetemeka, joto linampanda kutoka kifuani kwenda kichwani, wengine wanaanguka. Wenzetu wa visiwani, Puerto Rico na Jamhuri ya Dominika, wanayo sana. Kipimo cha moyo kifanyike, msiache, maana mwanamke mwenye ugonjwa wa moyo naye amewahi kurudishwa nyumbani akiambiwa ni mawazo. Kipimo kikitoka safi, usiseme "huna kitu." Ana kitu.

Kuna fumbo moja lazima niliseme, la sivyo nitaondoka nimewachora wanawake hawa kama watu waliovunjika, na si kweli. Mwaka 1986 Kyriakos Markides na Jeannine Coreil waliandika jambo lililowashangaza wengi: Walatino wa kusini magharibi ya Marekani walikuwa maskini, bima hawana, lakini kwa vipimo vingi vya afya walikuwa karibu na wazungu. Akina mama waliozaliwa Meksiko, kwa mfano, huzaa watoto wenye uzito mzuri. Ni binti zao waliozaliwa hapa, wanaojua Kiingereza na wenye bima, ndio ambao mambo yanawaharibikia. Kadiri miaka ya Marekani inavyoongezeka ile kinga inakwisha. Watu wanabishana kuhusu sababu: maharage na tortila za nyumbani, ndugu kukaa pamoja, ama labda wenye nguvu ndio wanaosafiri. Mimi nina maoni yangu, na si ya kisayansi. Mtu aliyekuja anajua alikotoka, akitukanwa anajua si kwao. Binti yake akitukanwa, yuko kwao.

Niwaungamie kosa langu kisha nimalize.

Miaka yangu ya mwanzo, Kihispania changu kilikuwa cha "buenos días" na "dolor". Mkalimani hakupatikana, simu ya ukalimani ilikuwa imeharibika, au labda nilikuwa na haraka, siku hizi sijui tena. Mama alikuwa amekuja na bintiye wa miaka kama 10. Nikamtumia mtoto. Fomu ikafika kwenye swali la kama kuna mtu nyumbani anampiga. Nikamwambia mtoto, muulize mama. Mtoto alinitazama. Akamgeukia mama yake akamuuliza kitu, na ndani ya swali nikalisikia neno ninalolijua: "cabeza". Kichwa. Alimuuliza kama kichwa kinamuuma. Mama akajibu, "Sí." Ndiyo. Mtoto akanigeukia akasema, "Amesema hapana."

Nikaandika hapana.

Sheria ipo. Tangu ile ya haki za kiraia ya 1964, hospitali inayopokea fedha za serikali kuu haitakiwi kumbagua mgonjwa kwa asili ya taifa lake, na lugha imehesabiwa humo. Kanuni za 2016 za kutekeleza sheria ya afya ya 2010 zikaweka wazi kwamba mtoto hatumiki kama mkalimani ila kwa dharura. Lakini mimi sikuhitaji sheria, macho ya yule mtoto yalitosha. Kwa hiyo nawaomba: msubiri mkalimani hata kama foleni inanung'unika. Na muulize Kihispania ndiyo lugha yake ya nyumbani. Mama wa Guatemala anaweza kuwa anaota ndoto kwa Kimam au Kik'iche', lugha za Wamaya, kama mama wa Fizi kule Kongo tunayemlazimisha Kiswahili wakati yeye uchungu wake ni wa Kibembe.

Fomu zile za maswali tisa ya sonona nazo msizikimbize. Mama mmoja aliniwekea sifuri kila mahali. Swali la kukosa raha katika mambo anayoyapenda kufanya, sifuri. Nikamuuliza ni mambo gani anayapenda. Akafikiri kwa muda mrefu, akasema, "Sijawahi kuulizwa." Sifuri yake ilikuwa ya aina hiyo.

Wengine wameshapata njia zao. Kuna wanawake wanaoitwa "promotoras", wahudumu wa afya wa mtaani, wao kwa wao, wanaingia jikoni kwa mtu bila fomu. Ni kama wale wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii tulionao nyumbani. Wakiwepo mjini kwako, wajue kwa majina na uwape namba yako. Mgonjwa wako ataamini kikombe cha kahawa cha promotora kabla ya kipeperushi chako.

Yule mama wa soketi bado anakuja. Anatumia dawa ya presha, na siku nzuri inasoma 140 na kitu. Kesi yake haijaisha. Kile kiti hatukukirudisha katikati ya chumba. Fundi alitaka kukirudisha, alisema kinazuia mlango, nikamwambia aache. Wiki mbili zilizopita aliingia mama mwingine, mgeni kabisa, nikageuka kuchukua faili, nilipogeuka tena alikuwa ameshakaa pale na amechomeka waya.

Haya, nimesema kutosha. Mashine za presha ziko meza ya nyuma, nimehesabu ziko 12. Tukae wawili wawili, mmoja apime, mwenzake apimwe, halafu mbadilishane. Anayepima amwambie mwenzake kwanza: nataka kukufunga hiki mkononi, kitabana kidogo, ukisema basi nasimamisha. Halafu asubiri jibu. Wa zamu ya usiku waanze wao, wakalale.